Karatasi Mbili, Mtoto Mmoja

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Lodwar ameniandikia barua. Katika darasa lake yumo msichana wa gredi ya tano ambaye amepimwa mara mbili mzio, yaani ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita aleji. Karatasi ya kwanza, ambayo ni ya kipimo cha damu, inasema kwamba mtoto huyo ana mzio wa maziwa na wa njugu karanga. Karatasi ya pili, ambayo ni ya kipimo cha ngozi, inasema kwamba hana mzio wa chochote. Mama ya mtoto anashikilia karatasi ya kwanza, baba anashikilia ya pili, na mwalimu, ambaye ndiye msimamizi wa chakula cha mchana shuleni, amekaa katikati kama mwamuzi asiyepewa filimbi. Anauliza: "Nifuate karatasi ipi?"

Huenda msomaji wa Nairobi au Mombasa akaliona jambo hili kuwa dogo. Mtoto asiyekunywa maziwa huko atatafutiwa kitu kingine dukani. Turkana sivyo. Maziwa ya ngamia, ya mbuzi na ya ng'ombe ndiyo nguzo ya maisha ya mfugaji, na ukame unapozidi, mtoto aliyekondeana hupewa na wahudumu wa afya chakula kile laini cha pakiti kinachojulikana kama Plumpy'Nut, ambacho hutengenezwa kwa njugu karanga na maziwa ya unga. Kumwandikia mtoto wa Turkana kwamba maziwa na njugu ni mwiko kwake ni kumfungia mlango wa kila siku na mlango wa dharura kwa pamoja. Lakini pia, ikiwa kweli njugu zinamdhuru, kiasi kidogo tu kinaweza kumziba pumzi na kumuua kabla gari la hospitali halijawashwa. Basi swali la mwalimu huyu si dogo hata kidogo.

Nitamjibu. Hata hivyo, naomba kwanza ruhusa ya msomaji nirudi nyuma hadi mwaka wa 1985, kwani swali hili niliwahi kuulizwa nikiwa mwalimu kijana kaskazini mwa Turkana, pande za Kaaleng, nami nikalijibu upesi na kwa ujasiri mwingi. Nilikosea, na aliyelipa si mimi.

Wanaoijua Kaaleng wanajua kwamba ni nchi ya mawe, migunga na mito mikavu ambayo hufurika kwa siku moja kisha ikarudi kuwa mchanga. Katika darasa langu walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja, mvulana na msichana. Mvulana alikuwa mzima wa kutazamika, mwepisi wa mbio na hodari wa kuchunga. Msichana alikuwa mpole, na chini ya mbavu zake za kulia palikuwa na uvimbe ambao nyanya yake alisema ulianza akiwa bado mdogo, ukawa unakua naye polepole kama tikiti.

Wahudumu wa afya walipofika kuwapima watu, walitafuta ugonjwa ambao Turkana imekuwa mashuhuri kwao kwa bahati mbaya: haidatidi, yaani vifuko vya maji ambavyo huota ndani ya ini, mapafu au viungo vingine vya mwili. Waliwadunga watoto hao wawili matone machache ya dawa chini ya ngozi ya mkono, wakasubiri kama robo saa. Mikono yote miwili ilivimba. Wakasema kwamba watoto wote wawili wanao ugonjwa. Baba yao akaanza kuuza mbuzi ili apate nauli ya kuwapeleka hospitali.

Damu yao nayo ilikuwa imechukuliwa na kupelekwa mbali kupimwa. Baada ya miezi kadhaa ikaja karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Mbele ya jina la kila mtoto palikuwa na neno moja, lile ambalo leo vitabu vyetu vya sayansi hulitafsiri kuwa "hasi." Katika boma lile hapakuwa na mtu wa kusoma Kiingereza isipokuwa mimi. Nyanya yao aliketi mbele yangu, mwanawe akimtafsiria kutoka Kiturkana.

"Mwalimu, karatasi inasema nini?"

"Inasema hawana ugonjwa, nyanya."

"Na ile mikono iliyovimba?"

"Ile ilikuwa ngozi tu. Hii ni damu, imepimwa kwa mashine. Damu ndiyo ya kuaminika."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sikuwa nimeambiwa hivyo na mtu yeyote. Nilisema kwa sababu karatasi ilikuwa imepigwa chapa, kwa sababu ilitoka mbali, na kwa sababu mwalimu akiulizwa huona aibu kunyamaza. Mbuzi waliobaki hawakuuzwa. Mmoja wao alichinjwa kwa furaha, nami nikapewa nyama.

Miaka miwili ikapita. Kisha ikaletwa mashine ndogo ya kubebeka ambayo hutuma mawimbi ya sauti ndani ya tumbo na kuonyesha picha ya viungo, ile iitwayo ultrasaundi. Watoto wale wakalazwa chini kivulini, mmoja baada ya mwingine. Ini la mvulana lilikuwa safi. Ndani ya ini la msichana palikuwa na kifuko cha maji kikubwa kushinda ngumi zangu mbili. Fikiri sasa, msomaji. Kwa mvulana, ngozi ilidanganya na damu ikasema kweli. Kwa msichana, ngozi ilisema kweli na damu ikadanganya. Hapakuwa na karatasi moja ambayo ningeweza kuichagua na kuwa sawa kwa watoto wote wawili.

Nyanya aliniuliza swali moja tu: "Ile karatasi ilidanganya, au ni wewe?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

Ili msomaji aelewe jinsi vipimo viwili vya heshima vinavyoweza kupingana hivyo, hana budi kujua kwanza kile kilichokuwa kikipimwa. Haidatidi huletwa na tegu mdogo sana aishiye katika matumbo ya mbwa, ambaye urefu wake hauzidi milimita chache. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakashika manyoya, vyombo, maji na mikono. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyameza, huota vifuko vya maji mwilini mwake. Mbwa akila maini au mapafu yenye vifuko hivyo, mzunguko unaanza upya. Binadamu huingia humo kwa bahati mbaya, naye huota vifuko kama mbuzi. Katika Turkana, ambako maji ni machache na mbwa alizoea kuishi ndani ya boma, akiwalinda watoto na hata kuwalamba na kuwasafisha, bahati hiyo mbaya ilikuwa ya watu wengi, hasa wanawake na wasichana wakaao karibu na mbwa siku nzima.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mnamo 1958 daktari aitwaye Wray alichapisha katika jarida la matibabu la Afrika Mashariki taarifa kuhusu haidatidi nchini Kenya, na Turkana ikaanza kutajwa. Mwaka wa 1982 French na Nelson walikadiria, kwa kuhesabu wagonjwa waliofika hospitalini, kwamba kaskazini mwa Turkana walipatikana wagonjwa wapya 220 kila mwaka katika kila watu 100,000. Kiwango hicho kilihesabiwa kuwa cha juu kuliko vyote vilivyojulikana duniani. Mwaka uliofuata, 1983, shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo kaskazini-magharibi mwa wilaya: kuwapa mbwa dawa, kupunguza mbwa wasio na mwenyewe, kuwafundisha watu, na kuwatibu wagonjwa.

Sasa tuje kwenye ule mkono uliovimba, kwani hapa ndipo habari ya Kaaleng inapokutana na barua ya Lodwar. Kipimo kile kiliitwa kipimo cha Casoni, kwa jina la daktari Mwitaliano aliyekieleza mnamo 1911. Kilikuwa, kwa kila hali, kipimo cha mzio. Mwili uliokwisha kukutana na majimaji ya kifuko hutengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, ambazo hukaa juu ya seli fulani ndani ya ngozi zikisubiri. Majimaji yale yale yakidungwa tena, seli hizo hutoa kemikali iitwayo histamini, na ngozi hufura. Hivyo ndivyo inavyotokea katika kipimo cha ngozi cha njugu, maziwa au vumbi. Na hiyo ndiyo sababu kifuko cha haidatidi kikipasuka tumboni kwa kipigo au kwa kuanguka, mgonjwa anaweza kufa kwa mshtuko wa mzio, kama yule aliyeumwa na nyuki asiyepatana naye. Kwa miaka miwili msichana wangu alibeba kuni na mitungi ya maji, akaruka na wenzake uwanjani, nami nikimtazama bila wasiwasi.

Kasoro ya kipimo cha Casoni ilikuwa hii: ngozi hukumbuka, lakini haisemi inakumbuka nini hasa. Mtu mwenye minyoo ya aina nyingine aliweza kuvimba mkono, kwa kuwa minyoo hufanana katika baadhi ya chembe zake. Mtu aliyekwisha kupasuliwa na kupona aliweza kuvimba miaka mingi baadaye. Na wapo waliokuwa na vifuko, lakini mikono yao ikakaa kimya. Kwa sababu hizo, na kwa kuwa kudunga majimaji yale kulikuwa na hatari yake, madaktari walikiacha.

Kipimo cha damu nacho kilikuwa na kasoro ya upande wa pili. Damu huonyesha kingamwili ikiwa mwili umepata habari za adui. Kifuko cha haidatidi kilicho kizima, chenye ukuta usio na ufa, kinaweza kukaa ndani ya ini miaka mingi bila kuvujisha chochote, na mwili usijue kwamba una mgeni. Mnamo 1984 watafiti waliandika makala nzima juu ya ugumu wa kufasiri matokeo ya damu za watu wengi waliopimwa Turkana. Mnamo 1987 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha kazi ya Macpherson, Romig, Zeyhle na wenzao, walioilinganisha mashine ya ultrasaundi ya kubebeka na vipimo vya damu miongoni mwa wafugaji wahamaji. Mashine iliona vifuko katika matumbo ya watu ambao damu yao ilikuwa imesema hawana kitu. Miaka miwili baadaye yakatoka matokeo ya uchunguzi wa wafugaji zaidi ya 18,000 wa Afrika Mashariki, na kaskazini-magharibi mwa Turkana ikaongoza kwa asilimia 5.6 ya waliopimwa. Aliyebebwa na nyota ya kuzaliwa huko alikuwa na nafasi ya zaidi ya mmoja katika ishirini ya kuwa na kifuko ndani yake.

Isidhaniwe kwamba ninaisifu mashine hiyo kana kwamba haikosei. Ultrasaundi haioni vizuri ndani ya mapafu, kwa kuwa hewa huyazuia mawimbi, na kifuko kidogo sana chaweza kuipita. Ubora wake ni kwamba ilitazama kifuko chenyewe badala ya kuuliza kama mwili unakikumbuka.

Hapa nawageukia wanafunzi wa hesabu, kwani wao wanaweza kuliona jambo hili vizuri kuliko mimi nilivyoliona wakati ule. Tuseme kuna kipimo ambacho kati ya wagonjwa 100 hutambua 80 na kuwakosa 20. Tuseme pia kwamba kati ya watu 100 wasio na ugonjwa, huwasingizia 10. Kwa masikio ya wengi wetu hicho ni kipimo kizuri. Tukipeleke kwa watu 1,000, ambao 50 kati yao ni wagonjwa. Kitatambua wagonjwa 40 na kuwakosa 10. Katika wale 950 wazima, kitasingizia 95. Basi watakaoambiwa "mnao" ni 135, na walio nao kweli ni 40 tu, pungufu ya thuluthi. Tukipeleke kipimo hicho hicho mahali ambapo mgonjwa ni mmoja kati ya 1,000, watasingiziwa karibu watu 100 kwa ajili ya mgonjwa huyo mmoja. Kipimo hakikubadilika. Waliobadilika ni watu waliopimwa.

Sasa tuchukue watu 100 ambao kila mmoja ana uvimbe ubavuni, na tuseme nusu yao uvimbe huo ni haidatidi. Kati ya wagonjwa 50, kipimo kitawakosa 10. Kati ya wengine 50, kitawaambia 45 kwamba hawana. Watakaorudi nyumbani na karatasi ya "hasi" ni 55, na 10 kati yao ni wagonjwa, karibu mmoja kwa kila watano. Mvulana wangu na msichana wangu walishika karatasi zenye neno lile lile, lakini maana yake haikuwa moja. Mikononi mwa mvulana asiye na dalili yoyote neno "hasi" lilikuwa na uzito. Mikononi mwa msichana mwenye uvimbe ambao hata kipofu angeugusa, neno hilo lilikuwa jepesi mno. Mimi nilitazama karatasi, sikumtazama mtoto.

Jambo la pili ambalo sikulijua ni kwamba kipimo kina kwao. Chukua mfano wa kala-azar, ugonjwa mwingine unaojulikana Turkana, ambao huvimbisha wengu. Kipimo cha haraka cha damu kinachotumiwa kuutambua, kile cha rK39, kimefanya kazi nzuri zaidi India kuliko Afrika Mashariki. Kitu kilichojaribiwa kwa watu wa nchi moja, wenye chakula chao na minyoo yao, hakiwezi kuhamishiwa nchi nyingine kikadaiwa kusema ukweli ule ule pasipo kujaribiwa tena.

Na hili ndilo linalomhusu mtoto wa Lodwar moja kwa moja. Mnamo 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana. Damu za baadhi yao zilikuwa na kingamwili za IgE zilizoonekana kuielekea njugu. Walipopimwa ngozi, walioitikia walikuwa wachache mno. Watafiti walionyesha kwamba kingamwili zile zilihusiana na kichocho: mwili ulikuwa umejikinga dhidi ya mnyoo, na kwa kuwa mnyoo na njugu vinafanana katika baadhi ya chembe za sukari, kipimo kikadhani mtoto anaichukia njugu. Mtoto alikula njugu zake akashiba, karatasi ikisema ni sumu kwake.

Kipimo cha ngozi nacho kina mitego yake. Mtoto aliyepewa Piriton kwa mafua siku chache kabla ya kupimwa ngozi yake inaweza kukaa kimya hata kama mzio anao, kwa sababu dawa hiyo huizuia histamini. Ndiyo maana mpimaji mwaminifu huweka alama mbili zaidi mkononi: tone la histamini, ambalo sharti livimbe, na tone la maji ya chumvi, ambalo sharti lisivimbe. Tone la histamini lisipovimba, kipimo kizima hakina maana. Tena katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Uvimbe wenyewe hauna budi kuguswa kwa kidole na kupimwa kwa rula.

Basi, mwalimu wa Lodwar, jibu langu ni hili. Usichague karatasi. Muulize kwanza mama ya mtoto maswali ambayo karatasi haziwezi kuyajibu. Je, mtoto huyu amewahi kunywa maziwa na kula njugu? Alipokula, kilitokea nini, na baada ya muda gani? Alivimba midomo, alitoka mabaka, alitapika, alikoroma kifuani katika dakika chache au saa moja mbili zilizofuata? Ilitokea mara moja au kila mara? Kwa nini alipelekwa kupimwa hapo awali? Kisha uliza kuhusu vipimo: je, alikuwa amekunywa Piriton au dawa nyingine ya mzio kabla ya kudungwa ngozi? Lile tone la histamini lilivimba?

Ikiwa mtoto amekunywa maziwa tangu kuachishwa titi na hajapata kudhurika, karatasi inayosema ana mzio wa maziwa inasema tu kwamba damu yake ina kingamwili. Haisemi kwamba ni mgonjwa, na si sababu ya kumnyima chakula katika nchi yenye njaa. Ikiwa, kinyume cha hayo, aliwahi kula njugu akavimba uso na kukosa pumzi, basi tukio hilo lina uzito kuliko karatasi inayosema hana kitu. Njugu zikae mbali naye, wapishi na wenzake waambiwe, hata kama baba amekasirika. Na ikiwa habari zenyewe hazieleweki, njia iliyo bora ni kumpeleka kwa daktari anayelijua jambo hili, ampe chakula hicho kidogo kidogo hospitalini huku akimwangalia, dawa ya dharura ikiwa tayari kando. Hilo lisijaribiwe nyumbani, wala jikoni shuleni.

Kuna watakaosema kwamba ninawafundisha watu kuidharau sayansi. La, hasha. Aliyeona kifuko ndani ya ini la msichana wa Kaaleng ni mwanasayansi, na aliyemtoa kifuko hicho ni daktari mpasuaji. Waliovigundua vipimo vibovu kuwa vibovu ni watu wale wale waliovitumia. Walivipima vipimo vyao wenyewe, wakachapisha makosa yao ili sisi tuyasome. Tulichokosa shuleni ni tabia hiyo. Tulifundishwa kwamba jibu lililopigwa chapa ni jibu, na mwanafunzi aliyeuliza "Umejuaje?" alionekana mkaidi.

Nakumbuka kwamba siku zile tulikuwa tukiwacheka wazee waliosoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa ili wajue kama kuna mvua au uvamizi. Siku moja niliwaona wazee wawili wakisoma tumbo moja kwa namna mbili. Hawakugombana. Walimwita mzee wa tatu, wakauliza mbuzi alitoka malisho gani, wakachinja mwingine. Siamini kwamba mvua imeandikwa tumboni mwa mbuzi. Lakini katika jambo moja wazee wale walinizidi mimi niliyetoka chuo cha ualimu: dalili mbili zilipopingana, waliuliza zaidi. Mimi nilichagua ile iliyokuwa na muhuri.

Msichana yule alipasuliwa, akapona. Alirudi boma lao na kovu refu ubavuni. Darasani hakurudi, miaka miwili ya kuchoka na kuumwa ilikuwa imemwacha nyuma ya wenzake, na baadaye akaolewa. Nilimwona mara ya mwisho akiwa na mtoto mgongoni, akanisalimu kwa heshima kama mwalimu wake. Heshima hiyo naibeba hadi leo kama deni.

Kwa hivyo, mwalimu mwenzangu, mama yule akikujia na karatasi zake mbili akakuuliza zinasema nini, msomee neno lililoandikwa, kisha umweleze kwamba neno hilo ni la kipimo, si la mtoto. Halafu mkae chini, wewe, mama na baba, mumuulize mtoto mwenyewe anajisikiaje anapokunywa maziwa. Katika barua yako yote ndefu, yeye tu ndiye ambaye hukunieleza amesema nini.